Mgeni Asiye na Mikono

Kidole gumba cha mkono wangu wa kulia bado kiko ndani ya bandeji, kwa hiyo haya nayachapa kwa mkono wa kushoto, taratibu, huku binti yangu akipita nyuma ya kiti na kucheka puani. Majuzi usiku, jikoni kwetu hapa Coventry, ndani ya giza totoro, niling'atwa na nyoka ambaye vitabu vyote vya ufugaji vinamsifu kwa upole. Walioshuhudia ni mke wangu, binti yangu, mama mmoja wa Kiingereza wa ghorofa ya juu aliyeshuka na tochi, na mjomba wangu aliyekuwa hewani kwenye WhatsApp kutoka Kisesa. Huyo wa mwisho ndiye anayeniuma kuliko meno. Mjomba enzi za ujana wake alicheza ngoma akiwa na chatu wa porini begani, mnyama wa kubebwa na wanaume watatu. Wa kwangu anaenea kwenye kikapu cha nguo chafu.

Ilikuwa siku ya kumlisha. Chatu wa namna hii, Python regius kwa jina la kitaalamu, huku hulishwa panya aliyekufa zamani, aliyegandishwa, anayeuzwa kwenye pakiti na kuwekwa friza jirani na mbaazi. (Kwenye friza yetu yuko jirani na sato, jambo ambalo limeshajadiliwa ndani ya ndoa na halijaisha.) Panya huyo huyeyushwa polepole, kisha hupashwa kwa maji ya moto akiwa ndani ya mfuko mpaka ngozi yake ifike nyuzi 38 hadi 40, yaani joto la panya aliye hai, maana nyoka hapendi kuletewa maiti baridi. Sasa maji ya moto yatoke wapi? Boila yetu ilikufa kabla ya Krismasi. Hilo nitalirudia nikishapata hasira za kutosha. Birika la umeme mke wangu alilificha chumbani siku ile ile aliposikia neno panya na neno maji yakitamkwa kwa pamoja. Nikabaki na draya yake ya nywele.

Draya inafanya kazi vizuri sana, hilo nataka lieleweke. Muda si muda manyoya ya panya yalisimama, akanawiri, akapata hata sura ya mtu aliyetoka saluni kwenda kwenye send-off. Binti yangu alikuwa ameshampigia mjomba kwa video ili babu yake aone chatu wa Ulaya anavyokula. Mkono mmoja nimeshika koleo la kugeuzia nyama, mkia wa panya umo ndani. Mkono wa pili draya bado inavuma. Nikasogea kwenye boksi la kioo. Nyoka akatoa kichwa pangoni mwake, ulimi ukaingia na kutoka, shingo ikajikunja ikawa herufi S.

Hapo ndipo salio la mita likaisha.

Umeme wetu ni wa kulipia kabla, luku ya Kizungu. Ubaya wa luku ya Kizungu ni kwamba huku hakuna mgao wa kusingizia. Draya hula umeme kwa ulafi usioelezeka, na peni zetu za mwisho zilikuwa zimeishia kwenye nywele za panya. Taa zikazima, draya ikanyamaza, na kati ya viumbe wote tuliokuwa jikoni mle ni mmoja tu aliyeendelea kuona.

Mwangalie chatu mdomoni kwa karibu, mchana, akiwa ameshiba. Kando ya mdomo wa juu, kuanzia puani, utaona vijishimo vimejipanga kwenye mstari. Si matundu ya pua wala si makovu. Ni viungo vya kuonea joto. Ndani ya kila kishimo kuna miisho ya mishipa ya fahamu inayopokea mionzi ya infraredi, ile inayotoka kwenye kila chenye joto, na taarifa zake zikifika kwenye ubongo hupandishwa juu ya taarifa za macho, hivyo nyoka anapata picha moja yenye vyote viwili. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya David Julius huko California, huyo huyo aliyekuja kupewa Nobeli ya tiba mwaka 2021 kwa kazi zake kuhusu hisia za joto, walionyesha kwamba kinachowawezesha chatu na boa na nyoka wengine wenye vishimo hivyo ni protini iitwayo TRPA1. Na sisi binadamu tunayo! Ila kwetu imepewa kazi ya kutuwasha pua tukila haradali na wasabi. Usiku niliosoma habari hiyo nilimwamsha mke wangu nimweleze. Kitu ambacho mimi nakitumia kutokwa machozi mbele ya soseji, mwenzangu anakitumia kuwinda gizani. Mke wangu akageukia ukutani.

Sasa fikiria alichokiona. Panya alikuwa na joto la juujuu, la manyoya. Tumboni bado barafu tupu. Mkono wangu, uliokaa mbele ya draya muda wote ule, uling'aa gizani kama kibanda cha chipsi saa nane za usiku. Hakuna chatu mwenye akili timamu ambaye angemchagua panya.

Kung'atwa kwenyewe hakuumi unavyodhani. Chatu hana sumu. Meno yake ni membamba, safu nne juu na mbili chini, na yote yamepinda kuelekea kooni, kusudi kinachoingia kisipate wazo la kurudi. Wenye uzoefu husema kuna kung'ata kwa woga, ambako ni kugonga na kuachia hapo hapo, na kuna kung'ata kwa chakula. Mimi nilipata kwa chakula. Alishika, akajisokota kwenye kiganja mpaka kwenye kifundo, akaanza kubana kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake. Miaka yote tumeambiwa kwamba nyoka hawa huua kwa kuziba pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa boa na panya waliopandikizwa vipimo vya presha, ulionyesha kuwa kinachotangulia kukatika ni mzunguko wa damu: ndani ya sekunde chache tu presha ya mbanwaji inaporomoka na mapigo ya moyo yanavurugika. Mimi naunga mkono matokeo hayo. Pumzi nilikuwa nayo ya kutosha, na jengo zima lilisikia. Kidole ndicho kilichokufa ganzi.

Kutoka kwenye simu, sakafuni ilipoangukia, ikaja sauti ya mjomba.

"Mjomba, mbona giza? Mmevamiwa?"

"Nyoka kanikamata!"

"Kakukamata wapi?"

"Kidole!"

Kimya kidogo. Halafu: "Kidole tu?"

Akacheka mpaka akakohoa. Alipopata nafuu akatoa maelekezo, na kwa haki kabisa yalikuwa maelekezo sahihi. Usimvute, maana ukivuta unajichana mwenyewe na vijino vinabaki nyamani. Usimpige. Mtilie maji baridi. Maji baridi! Kitu pekee ambacho nyumba yetu ilikuwa nacho kwa wingi tangu Desemba. Wakati huo jirani alikuwa ameshaingia na tochi na gauni lake la kulalia, akaona hali ilivyo, akachota beseni sinkini bila kuuliza swali hata moja na kunimwagia kuanzia begani. Nyoka akaachia, akajikunja, akaficha kichwa katikati ya mikunjo yake. Yule mama akammulika tochi kwa huruma.

"Maskini," akasema, "amelowa."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na nilikuwa nimelowa zaidi.

Jina la nyoka ni Mgeni. Alipewa na mke wangu, ambaye tangu siku ya kwanza anaulizia ataondoka lini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hata mikono hana. Alitoka kwa mwanafunzi wa chuo aliyemaliza masomo na kurudi kwao, na binti yangu akatoa ahadi zote ambazo mtoto hutoa akitaka kitu. Nilitarajia kungekuwa na ofisi ya kunikatalia. Hakuna. Nchi hii kuangalia televisheni nyumbani kwako kunahitaji leseni, kufuga chatu hakuhitaji.

Masharti aliyokuja nayo yangemchosha hata mwali. Wiki ya kwanza haguswi kabisa; anaachwa azoee harufu za nyumba. Akishakula haguswi siku mbili, la sivyo anatapika, na nimeambiwa kwamba hilo ni tukio ambalo familia hulikumbuka kwa muda mrefu. Usimshike kwa kumtokea juu: kwao, kinachokuja kutoka juu ni mwewe. Pitisha mkono ubavuni, mwinue katikati ya mwili, mwachie uzito wake ukae mikononi mwako, na usikimbilie kichwa. Nawa mikono kwanza, kwa sababu ukinukia panya wewe ni panya. Kabla ya kumtoa mguse mgongoni kwa kitu kisicho na joto wala harufu ya chakula, hata kiini cha karatasi ya chooni kinatosha. Hiyo ndiyo hodi yake. Akishaizoea anaelewa kwamba hapa kinachokuja ni kubebwa, si kula, na ile tamaa ya kurukia inatulia.

Na ukishaanza kumsoma, mtu wangu, huachi. Ulimi ukitoka polepole, ukapepea juu na chini, anakuchunguza tu: zile ncha mbili hukusanya chembe za harufu kutoka kulia na kushoto na kuzipeleka kwenye kiungo kilichoko kwenye paa la kinywa, ndiyo maana anajua harufu imetokea upande gani. Ulimi ukikoma ghafla na mwili ukakakamaa, ameogopa. Akijiviringisha kichwa kikiwa ndani, ameogopa sana, na hapo hata umtikise hafunguki mpaka atakapoamua yeye. Macho yakigeuka rangi ya maziwa yenye ubuluu, anajiandaa kujivua ngozi. Nyoka hana kope, ana gamba angavu juu ya jicho, na hata hilo hulivua pamoja na zilizobaki, kwa hiyo siku hizo haoni vizuri na hataki salamu za mtu. Karibu na mkia ana vijikucha viwili, masalio ya miguu ya nyuma ya mababu zake. Nimeketi saa nzima nikivitafuta kwa miwani ya kusomea, nikaulizwa kama bili ya maji nimeshalipa.

Mke wangu aliuliza wanaishi muda gani. Nikamwambia miaka ishirini, thelathini, ikitegemea. Sikumwambia habari ya yule jike wa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, aliyekuwepo pale tangu 1961, ambaye mwaka 2020, akikadiriwa kupita miaka 62, alitaga mayai saba bila kukaribiana na dume kwa zaidi ya miaka 15. Kuna mambo ambayo ndoa huyahitaji kwa awamu.

Kwao hasa ni Afrika Magharibi, mpaka kufikia pembe za Uganda. Kule Ouidah, nchini Benin, wana hekalu lao, linatazamana na kanisa kubwa la Kikatoliki, na wakiachiwa usiku wakaingia nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba huwarudisha kwa heshima. Kutoka Ghana, Togo na Benin wamesafirishwa kwa wingi mno kuja kupendwa na watoto wa Ulaya na Marekani. Mjomba nilipomweleza kwamba ni wa bara letu alilegeza kidogo dharau. Kwake yeye chatu ni wale wa Bujora, kwetu Kisesa, wanaotolewa kwenye ngoma za Bulabo mwezi Juni, umati ukirudi nyuma na wachezaji wakisonga mbele. Mimi, nikiwa mtoto pale, nilikuwa sehemu ya umati.

Tuje kwenye boila.

Upande wa joto wa boksi la Mgeni unatakiwa uwe nyuzi 31 hadi 33. Upande wa baridi usishuke chini ya 24. Kuna taa, kuna themostati, kuna vipimajoto viwili, na kuna sheria: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inamtaka kila mfugaji ampatie mnyama wake mazingira yanayomfaa, na ukimwacha akateseka unaweza kushtakiwa. Ni sheria nzuri. Jioni moja nilichukua kipimajoto chake nikakiweka juu ya meza yetu ya chakula. Kikasoma 13.

Na sisi tuna sheria yetu. Ya mwaka 1985, kifungu cha 11: mwenye nyumba anawajibika kutengeneza mitambo ya joto na maji ya moto. Nimeikariri. Niliitaja kwenye barua ya kwanza kwa wakala wake, nikaitaja kwenye ya pili kwa herufi nzito. Niliandika kwamba mtoto anakohoa. Niliandika kwamba tunaoga kwa zamu kwa maji ya sufuria, na kwamba mita tunayoilisha ni ya kulipia kabla, ya watu ambao kwa miaka mingi walitozwa ghali kuliko wanaolipa mwisho wa mwezi benki. Kila barua ilijibiwa na mashine, ikanipa namba ya kumbukumbu na kunishukuru kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu upi? Hakuna aliyeniuliza kama ninao. Usiku wa baridi kali tulibeba magodoro tukayatandika kwenye chumba cha nyoka, kwa sababu taa yake ndiyo pekee iliyoweza kuupasha ukuta, na mtoto alilala amegandamiza mgongo kwenye kioo cha boksi. Tulikuwa watu watatu wenye vibali halali, wenye kodi iliyolipwa, tukijibanza kwa chatu tuombe joto.

Asubuhi baada ya kung'atwa niliandika tena, kidole kikiwa kimevimba. Safari hii niliongeza sentensi moja: kwamba ndani ya nyumba kuna mnyama wa nchi za joto ambaye afya yake iko hatarini, na kwamba Sheria ya 2006 inasema hivi na hivi. Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana. Liliandikwa na binadamu, lina jina chini. Lilisema fundi atakuja Jumanne. Lilisema wanasikitika sana. Liliuliza kama nyoka yuko salama.

Nililisoma kwa sauti mezani. Binti yangu alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Kati ya siku hiyo na Jumanne, Mgeni alinyea shati langu la kanisani. Alipotea mchana mzima, akapatikana nyuma ya friji, penye joto la mota, akiwa ametulia kuliko waliokuwa wanamtafuta. Mke wangu alinunua koleo refu, la kwake binafsi, na draya ameifungia kabatini. Panya wa pili, aliyepashwa kwa maji ya birika la jirani kwa kufuata maelekezo neno kwa neno, Mgeni alimtazama, akampa mgongo. Chatu hawa wanaweza kususa chakula miezi kadhaa bila kudhurika, na sasa binti yangu anampima kwenye mzani wa jikoni na kuandika kwenye daftari. Video ya usiku ule imefika kwa ukoo mzima, kuanzia Magu mpaka Dubai. Ni giza tupu, inasikika sauti tu, lakini wote wamenitambua.

Jumanne fundi akaja. Kijana mrefu, mabega mapana, sanduku la vyuma mkononi. Alipofika mlangoni akauliza kama ni kweli kuna nyoka, nikasema ni kweli, akarudi nyuma hatua mbili mpaka kwenye mvua. Alisema haingii mpaka nyoka ashikwe na mtu mzima, kwenye chumba kingine, mlango ukiwa umefungwa. Mke wangu alikuwa kazini, binti shuleni. Nikanawa mikono. Nikapiga hodi kwa kiini cha karatasi ya chooni. Nikapitisha mkono ubavuni, nikamwinua, nikaenda naye bafuni, nikafunga na kukaa juu ya kifuniko cha choo huku nikisikia spana ikigonga upande wa pili wa ukuta. Mgeni alipepea ulimi, akapima hewa ya bafu, hakuipenda. Akaingia kwenye mkono wa sweta langu, akapanda taratibu, akapita kiwikoni, akaweka kambi kwapani, na humo hatoki kwa kubembelezwa.

Kugonga kukakoma. Nikaita, hakuna jibu. Nilipotoka, kwapa likiwa limenyanyuka, fundi hakuwepo. Juu ya boila ameacha kikaratasi: kifaa hakipo, kimeagizwa, atarudi baada ya siku kumi za kazi. Chini yake ameongeza kwa kalamu kwamba siku ya kurudi tuhakikishe mnyama ameondolewa, vinginevyo kazi itahesabiwa kuwa imeahirishwa na mpangaji.